Shaka Iliyopimwa

Habari za Apollo 11 tumezisikia mpaka zimetuchosha: mguu wa Armstrong, bendera, mawe. Mimi kinachonivuta ni kitu kingine, nacho hakina picha. Ni namba moja tu iliyotokea mbele ya macho ya kijana mmoja mjini Houston tarehe 20 Julai 1969, dakika chache kabla chombo hakijatua Mwezini. Kijana mwenyewe ni Steve Bales, miaka 26, na kazi yake ilikuwa kuchunga uongozi wa chombo. Kompyuta iliyokuwa ndani ya chombo ilisema tunashuka kwa kasi kadhaa. Madishi ya redio huku duniani, yakisikiliza mawimbi yaliyotoka kwenye chombo hichohicho, yakasema hapana bwana, kasi ni nyingine. Tofauti yao ilikuwa kama futi 20 kwa sekunde, yaani mita 6. Na kanuni waliyojiwekea ilikuwa haina mjadala: ikifika futi 35, kazi imekwisha, rudini juu.

Hebu kaa kwenye kiti cha huyo kijana. Wawili wanakupa habari ya jambo moja na hawakubaliani. Nani mkweli? Huna muda wa kuitisha kikao. Bales akafanya jambo ambalo nje linaonekana kama kutofanya kitu: akaitazama ile tofauti. Kama kipimo kimoja chomboni kimeharibika, tofauti itaendelea kukua. Kama chombo kilianza kushuka kikiwa na habari mbovu tangu mwanzo, tofauti itabaki palepale. Ikabaki palepale. Hewa kidogo iliyobaki kwenye kijia cha katikati wakati vyombo viwili vinaachana ilikuwa imekisukuma chombo, na kompyuta haikuwa na habari. Basi wakaruhusiwa kuendelea, na wakatua kama kilomita 6 mbele ya mahali palipokusudiwa. Lakini walitua.

Watu wengi hudhani roketi inajua iko wapi. Haijui. Inakisia. Ina vipimo vinavyohisi msukumo, ina saa, ina hesabu, na kila kimoja kati ya hivyo kinadanganya kidogo. Historia ninayotaka kusimulia ni ya watu waliojifunza namna ya kusikiliza waongo wadogowadogo wengi na kupata neno la kuaminika.

Manahodha wetu wa pwani walilijua tatizo hili zamani sana. Nahodha ametweka tanga, kusi inamsukuma, anaangalia dira, anakadiria mwendo, na kichwani mwake anaweka alama: sasa tuko hapa. Kila saa inayopita bila kuona nchi kavu, alama ile inafifia, inakuwa duara, na duara linapanuka. Halafu anatia bildi majini, au anaona mnara, au nyota anayoijua inachomoza. Hesabu yake ya usiku kucha haitupi kwa sababu ya bildi moja. Wala bildi haibezi kwa sababu ya hesabu. Anachanganya. Uzoefu ndio unaomnong'oneza achanganye kiasi gani. Wanahisabati walitaka kujua kama hicho "kiasi gani" kinaweza kuandikwa kwenye karatasi.

Kinaweza, na si kigumu kama inavyodhaniwa. Chukua basi la Morogoro. Umetoka Dar, dirisha limejaa vumbi, nje huoni kitu. Mmesafiri saa moja, dereva anakwenda kama kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo unasema tumefika kilomita 60, ingawa kosa lako la kawaida ni kilomita 6 huku au huku. Jirani yako, mwenyeji wa njia ile, anachungulia upande wake na kusema tuko kilomita 66. Huyo kosa lake la kawaida ni kilomita 3. Ukigawa katikati utapata 63, na utakuwa umemdhulumu jamaa. Kosa lake ni nusu ya lako, na hesabu inataka uzito uende kinyume na kipeo cha pili cha kosa, kwa hiyo neno lake lina uzito mara 4 ya lako. Sehemu moja ya 60, sehemu nne za 66: jibu 64.8. Sasa angalia hapa, maana hapa ndipo penye utamu. Kosa linalobaki ni kama kilomita 2.7. Ni dogo kuliko lako, ndiyo, lakini ni dogo hata kuliko la huyo mwenyeji! Wewe uliyekuwa unabahatisha umemsaidia anayejua.

Basi likisonga dakika 20 nyingine, kosa linavimba upya, mpaka atokee mtu wa kuchungulia tena. Kukadiria, kuona, kupima uzito, kusahihisha, kukadiria tena. Hilo ndilo linaloitwa chujio la Kalman. Nilichoacha nje ni majedwali ya namba, kwa sababu roketi haiendi kwenye barabara moja: mahali pake panataka namba 3 na kasi yake namba 3 nyingine, na makosa ya hizo namba 6 yamefungamana, moja likivutwa mengine yanafuata.

Mbegu ni ya zamani. Tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi, pale Palermo, aliona kidude kipya angani, Ceres, akakifuatilia mpaka Februari, kisha kikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Vipimo vilikuwa vichache na kila kimoja kina kasoro. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alipiga hesabu na kusema kitafuteni mahali fulani. Mwisho wa mwaka uleule kikaonekana, karibu kabisa na alipoelekeza. Gauss aliichukulia kasoro ya vipimo kuwa kitu chenye tabia, kitu kinachopimika. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Norbert Wiener kule Marekani alitafuta njia ya kubashiri ndege ya adui itakuwa wapi risasi itakapofika. Hesabu zake zilikuwa nzuri mno, ila zilitaka uwe na vipimo vyote vya nyuma, mfululizo. Ukiwa chumbani na karatasi, sawa. Ukiwa ndani ya roketi, hapana.

Rudolf Kalman alizaliwa Budapest mwaka 1930, akahamia Marekani na wazazi wake wakati wa vita. Novemba 1958 alikuwa kwenye treni akitoka Princeton kurudi Baltimore. Kama saa 5 usiku treni ikasimama nje kidogo ya Baltimore, ikakaa karibu saa nzima. Watu wamechoka, yeye anawaza: vipi nikichukua tatizo la Wiener nikalitazama kwa njia ya "hali" ya kitu, yaani zile namba chache zinazotosha kusema kitu kiko wapi na kinakwendaje? Kutokana na wazo lile vikaja vitu viwili tu vya kubeba: kadirio la mwisho, na shaka ya kadirio hilo. Vipimo vya jana unaweza kuvitupa, kwa sababu kila kilichokuwa na maana ndani yake kimeshaingia kwenye hivyo viwili.

Sisi tunaoandika kwenye vijarida hivi vidogo tutamwelewa kwa alichofanya baadaye. Kalman alikuwa mtu wa umeme kwa elimu yake. Lakini makala yake ya mwaka 1960 hakuipeleka kwa wakubwa wa fani ya umeme, ambako kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Aliipeleka kwenye jarida la wahandisi wa mitambo, akapita mlango wa pembeni. Na wengi walioisoma hawakushtuka. Wengine walikuwa na haki ya kusema tumeyaona haya: Thorvald Thiele wa Denmark alikuwa amegusa kitu cha namna hiyo mwaka 1880, na Peter Swerling aliandika cha kufanana mwaka 1958. Ila kazi haikamatwi na aliyeigusa kwanza. Inakamatwa na anayekutana na mwenye shida.

Mwenye shida alikuwa Stanley Schmidt, wa kituo cha Ames cha NASA, California. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa swali la jinsi wanaanga watakavyojiongoza kwenda Mwezini na kurudi, kwa kutazama nyota na kingo za Dunia na Mwezi. Walikwama. Mwaka huohuo wa 1960 Kalman, waliyefahamiana naye, akawatembelea na kueleza kazi yake. Schmidt akaona njia, lakini akaona na kisiki: hesabu za Kalman zilikuwa za vitu vilivyonyooka, na mvuto wa Dunia na Mwezi haunyooki. Akatafuta mkato. Kila hatua unachukua kadirio lako la sasa, unajifanya kwamba karibu yake mambo yamenyooka, unasahihisha, unasogea, unajifanya tena. Akatenganisha pia kubashiri na kusahihisha, ili mwanaanga apime nyota akipata nafasi, na asipopata chujio liendelee kukadiria lenyewe. Mimi huyu Schmidt namheshimu kuliko anavyotajwa vitabuni. Kanuni ni ya Kalman, lakini iliyopanda chomboni ina jasho la Schmidt.

Kutoka hapo kazi ikavuka kwenda MIT, maabara waliyopewa kompyuta ya Apollo, mikononi mwa Richard Battin. Kompyuta yenyewe usiione hivyo. Nafasi yake ya kuandika na kufuta ilikuwa maneno 2048 tu, na kila neno tarakimu 15 za sifuri na moja. Katika nafasi hiyo wakalitia chujio. Desemba 1968, kwenye Apollo 8, Jim Lovell alikaa na kifaa chake akipima pembe kati ya nyota na kingo, mara nyingi kweli, na chujio likizipokea moja moja. Madishi ya duniani ndiyo yaliyokuwa na kauli ya mwisho, lakini vipimo vya Lovell vilionyesha kwamba redio ingekatika, jamaa wangeweza kurudi nyumbani wenyewe.

Kuna kichekesho kimoja cha zama hizo ambacho wahandisi wanakisimulia hadi leo. Chujio linabeba shaka yake kama namba, na kila kipimo kipya kinaipunguza. Kompyuta ndogo hukata tarakimu za mwisho. Kata hapa, kata pale, shaka inazidi kupungua, mpaka siku moja inavuka chini ya sifuri! Mashine inakuambia ina uhakika kuliko uhakika wenyewe. Na mashine ya namna hiyo haisikii tena: ukiileta nyota inasema nyota imekosea. James Potter wa MIT akaleta dawa, nayo ni nyepesi ukishaiona. Usibebe shaka yenyewe, beba kipeuo chake cha pili. Ukihitaji shaka, zidisha kipeuo kwa chenyewe, na namba ikizidishwa kwa yenyewe haiwezi kuwa chini ya sifuri.

Mpaka hapa nimesema juu ya mahali na kasi. Roketi inapowaka kuna swali jingine: injini inafanya kazi inavyotakiwa? Hakuna mtu wa kwenda kuchungulia. Tarehe 11 Aprili 1970 Apollo 13 iliporuka, yaani siku mbili kabla ya ule mkasa wa tangi la oksijeni tunaoujua, injini ya katikati ya hatua ya pili ilizimika zaidi ya dakika 2 kabla ya wakati wake, kwa mtikisiko. Kompyuta ya roketi ya Saturn V haikuhitaji kuambiwa hasara imekuwa kiasi gani. Ilikuwa inasoma mchapuko na kuulainisha. Mchapuko unaeleza mengi kwa anayejua kuusoma: mafuta yanavyoungua roketi inakuwa nyepesi, kwa msukumo uleule inazidi kuchapuka, na namna inavyozidi inakuonyesha msukumo ukilinganishwa na uzito uliobaki. Injini moja ikafa, mchapuko ukaanguka, kompyuta ikapiga hesabu upya. Injini 4 zilizobaki zikawaka sekunde 34 zaidi, hatua ya tatu ikaongeza 9, na chombo kikafika kwenye mzingo. Ulainishaji ule ulikuwa rahisi kuliko chujio la Kalman, lakini ni ndugu yake: usiamini mpango ulioandikwa jana kuliko msukumo unaousikia mgongoni leo.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 19 Novemba 1969, Apollo 12 ilikwenda kufuta aibu ya zile kilomita 6. Safari hii shabaha ilikuwa ndogo na inaonekana: Surveyor 3, mashine isiyo na mtu iliyotua Mwezini Aprili 1967. Chombo kilipochomoza kutoka nyuma ya Mwezi, Houston walikuwa wameshabashiri mawimbi yake ya redio yatasikika vipi. Yakasikika tofauti kidogo, na kutokana na kidogo hicho chujio la ukoo wa Kalman likakadiria chombo kimekosea njia kiasi gani. Sasa utaiambiaje kompyuta iliyoko juu? Kubadilisha mahali inapoamini ipo ilikuwa kazi ndefu na ya hatari. Emil Schiesser alikuwa ametoa wazo la kihuni kidogo, nami nalipenda sana: usiiambie imepotea, iambie shabaha imehama. Namba moja tu. Ikasomwa kwa redio, futi 4200, kama mita 1280, ikaandikwa, na Pete Conrad na Alan Bean wakatua kama mita 160 kutoka kwa Surveyor 3. Wakatembea kwa miguu kwenda kuitazama.

Sasa tazama kinyume chake. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kifaa chake cha kuhisi mwendo kilikuwa kimerithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, kifaa kikazimika. Cha akiba nacho kilikuwa kimeshazimika kwa sababu ileile, maana walikuwa mapacha na walirithi ugonjwa mmoja. Kabla ya kukata kauli, kifaa kilituma ujumbe wa kueleza kilivyoharibika. Kompyuta kuu ikausoma ujumbe huo wa mgonjwa kana kwamba ni kipimo cha mwelekeo. Haikuuliza kama roketi inaweza kupinduka namna ile kwa mara moja. Haikuwa na kadirio lake la kulinganisha, wala shaka ya kulipima. Ikageuza injini kwa nguvu zote kusahihisha kosa lisilokuwepo, na roketi ikavunjika kama sekunde 39 tangu injini kuu kuwashwa. Ukimweka Bales mahali pa kompyuta ile, angalau angekunja uso.

Roketi za Ariane 5 zilizofuata, zile zilizoelekea mashariki, zilikuwa zikivuka Atlantiki na Afrika huku zikisikilizwa na kituo kimoja baada ya kingine, na mmojawapo wa wasikilizaji wa mwisho alikuwa Malindi. Ndiyo, Malindi hiihii ya Kenya. Waitaliano walijenga pale, kwenye ghuba ya Ungwana, jukwaa la San Marco lililosimama baharini, na kutoka hapo setilaiti zilirushwa kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988. Roketi yao ilikuwa Scout ya Marekani, ya mafuta magumu hatua zote 4. Mafuta magumu ukishayawasha hayazimiki kwa kitufe. Hatua ya mwisho ilizungushwa kama pia ili isiyumbe, ikaachwa iende. Hakuna cha kupiga hesabu upya njiani kama Saturn. Mzingo ulioupata uliujua baadaye, kwa rada na redio, na ndivyo ulivyokuwa.

Maarufu kuliko zote iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na wakaipa jina hilo hilo: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani peke yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha yake ya mwisho ilitoka mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, na kila chanzo kina namba zake za mahali, na pembeni ya namba hizo vipimo vya kosa. Ukivichora kwenye ramani ya anga hupati nukta. Unapata vijisanduku, vingine vidogo, vingine virefu kama mtumbwi, na nyota iko mahali fulani ndani ya kila kimoja.